Dawa ya Kufungulia Nywele za Carmel

Jumanne, saa tatu za asubuhi, Mukandori alikuwa amesimama mbele ya meza ya Sidonie katika soko la Mushaki, na chupa tatu zimepangwa mbele yake. Mvua ilikuwa imekatika muda si mrefu, na matope ya barabara ya Sake yalikuwa yamefika mpaka kwenye miguu ya meza. Chupa ya kwanza ilikuwa ya kahawia, fupi, yenye mdomo mpana. Ya pili ilikuwa ya waridi, imechorwa ua. Ya tatu ilikuwa nyeupe, haina picha, ina maandishi madogo tu. Zote tatu zilikuwa dawa ya kufungulia nywele, ile inayopakwa kwenye nywele zenye maji na kuachwa humohumo bila kusuuzwa.

"Ukishika, ununue," Sidonie alisema. "Niko na kazi."

"Nitanunua, mama. Nataka tu kujua ni gani inafungua bila kuvunja."

"Kuvunja nywele?"

"Kuvunja maneno."

Sidonie aliinama kidogo akamwangalia mtoto aliyekuwa nyuma ya Mukandori, amejifunika kitambaa kichwani.

"Aa. Njo ule mutoto wa Nyabiondo."

"Ndiyo, njo yeye," Mukandori alikubali.

Wauza mboga wa meza za karibu walinyamaza. Mmoja alijifunika mdomo kwa pembe ya kitenge. Mwingine aliinua beseni lake la vitunguu akalihamishia upande wa pili. Sidonie alitoa kigoda chini ya meza akakisukuma kwa mguu kumwelekea mtoto. Hakusema karibu. Lakini kigoda kilikuwa kikavu, na asubuhi ile katika soko la Mushaki hakukuwa na vitu vingi vikavu.

Carmel, mjukuu wa Mukandori, alikuwa na miaka minane. Baba yake alikwenda Walikale kuchimba mawe, na habari zake hazikurudi. Nywele za mtoto zilikuwa nyingi, nzito, na zilikuwa zinashika maneno. Si maneno yote. Zilishika yale yaliyosemwa karibu na kichwa chake, yakaingia kwenye fundo na kubaki humo. Fundo likifunguliwa, maneno yalitoka kwa sauti ya mwenye kuyasema, mara moja, kisha yakaisha. Mapya yalikaa juujuu. Ya zamani yalikaa ndani, karibu na ngozi.

Watu wa kilima chao cha Nyabiondo walilijua jambo hilo tangu siku Mukandori alipofungua fundo moja juu ya sikio la mtoto kwenye chemchemi. Sauti ya Vestine, mke wa jirani yao Kanyamibwa, ilitoka ikasema: "Watu wa bâche wamerudi. Sasa tutafunga milango hata muchana." Bâche ni yale maturubai ambayo Mukandori na mjukuu wake waliishi chini yake walipokuwa wakimbizi Mweso. Vestine mwenyewe alikuwa palepale, akijaza bidoni yake ya maji. Alingoja ijae, akakaza kifuniko, akasema, "Ni kweli, nilisema," akajitwika akaenda. Tangu siku ile watu walifunga vinywa Carmel alipopita. Shuleni alikaa peke yake kwenye benchi la mwisho, na mwalimu alifundisha akiwa amesimama mlangoni.

Mukandori hakuwa na haja ya kusikia matusi. Alikuwa na haja ya neno moja tu, na neno hilo lilikuwa ndani.

Miaka miwili nyuma, siku risasi zilipofika ng'ambo ya mto, Astrid, binti yake Mukandori na mama yake Carmel, alikuwa ameketi kizingitini akimsuka mtoto. Alikuwa amepanga mistari kumi, ya kutoka sikio mpaka sikio, ikishuka kutoka kwenye paji la uso mpaka kisogoni. Alikuwa amemaliza tisa na kuanza wa kumi, ule wa chini kabisa juu ya shingo, Kanyamibwa alipokuja mbio akivuka ua wa miyenzi, ile miti ya maziwa meupe inayopandwa kwenye mipaka. Kanyamibwa aliongea ameinama juu ya kichwa cha mtoto. Alisema atalilinda shamba lao. Kisha akabeba godoro lao mpaka barabarani. Mukandori alikumbuka shamba, na alikumbuka godoro pia.

Mweso, katika mwezi wa nne wa kukaa kwao huko, Astrid alishikwa na homa akafa. Siku ile muuguzi mmoja alimletea Mukandori kiti, akamwachia mpaka jioni, ingawa viti vya zahanati vilikuwa vitatu tu. Baada ya maziko Carmel alikataa mtu yeyote asiguse mistari ya mama yake. Nywele ziliota, mistari ikalegea, ikashikana kama mizizi ya nyasi, na yeye akakataa vilevile. Alilala kifudifudi, kiganja kimoja kikiwa juu ya kisogo, pale mstari wa kumi ulipoachwa nusu.

Waliporudi kilimani hawakukuta miyenzi. Ilikuwa imeng'olewa yote, na maharage ya Kanyamibwa, yale ya kupanda juu ya vijiti, yalikuwa yamelivuka shamba lao lote mpaka kwenye ukuta wa jikoni. Mukandori aliweza kuyagusa kwa kunyoosha mkono dirishani. Kanyamibwa alisema hakuahidi kitu. Mukandori alisema alisikia kwa masikio yake. Papa Séraphin, kapita, yaani mkuu wa kilima, alisema masikio ya mwenye shamba si mashahidi. Basi Mukandori alisema kuna kichwa kilichokuwepo. Baraza likaona hilo ni sawa, likapanga siku.

Hapo ndipo Mukandori alipofanya kosa lake. Alipaka mawese. Mama yake alimpaka mawese, yeye alimpaka Astrid mawese, na kichwani mwake hakukuwa na mafuta mengine ya kuheshimika kuyapeleka mbele ya baraza. Alifumua mistari miwili ya juu mbele ya watu wote. Sauti zilitoka nzito, nyekundu, kama mtu anayesema na tonge la ugali mdomoni, na hakuna aliyetambua hata neno moja. Watu walicheka. Kapita aligonga meza.

"Siwezi kuandika mungurumo," alisema. "Urudi Jumamosi, Mama Mukandori, na nywele zinazosema vizuri. Kama hapana, shamba libaki vile liko."

Mistari miwili ya Astrid ikawa imekwisha bure. Carmel alilia njia nzima, bila sauti, na Mukandori hakumwambia anyamaze, kwa sababu alikuwa na haki ya kulia.

Ndiyo maana Jumanne ile walikuwa Mushaki. Walitoka kwao alfajiri kwa pikipiki ya Élysée, wakapita vizuizi viwili. Kwenye cha pili, mlinzi aliyeshika kamba alimpigia Mukandori kelele juu ya kichwa cha mtoto: "Shuka haraka, mama muzee, unaziba njia." Mukandori alishuka haraka kadiri magoti yalivyokubali.

"Loweka kwanza," Sidonie alisema, akamwagia maji kidogo kwenye nywele zilizotoka nje ya mistari, mbele juu ya paji. "Nywele kavu hazifunguliwi, zinakatika. Unaanza na chupa gani?"

"Hii ya kahawia."

Dawa ya chupa ya kahawia ilikuwa nzito kama siagi. Sidonie aliisugua kati ya viganja, akaipaka kwenye fundo dogo, akapitisha chanuo la meno mapana kuanzia nchani. Fundo lilifunguka. Sauti ya mtu ikaanza kusema, ikakwama, ikarudi, ikakwama tena, mwishowe ikatoa pumzi tu.

"Hii ni ya kulinda nywele wakati wa jua," Sidonie alisema. "Inakaa juu, haiingii. Haiko ya kazi yako."

Chupa ya waridi ilinukia mpaka nzi wakaja. Ilikuwa laini, na chanuo lilipita bila shida. Sauti ya mlinzi wa kizuizi ikatoka, tamu, ya pole, ikasema: "Karibu, mama. Njia iko yako."

Mukandori alitikisa kichwa.

"Hakusema hivyo."

"Hapana, hakusema," Sidonie alikubali. "Hii ya manukato inapamba maneno. Watu wa arusi njo wanaitafuta sana."

Alichukua chupa nyeupe akaigeuza, akaweka ukucha chini ya mstari wa kwanza wa maandishi madogo.

"Angalia. Ya kwanza imeandikwa ni maji. Kisha gliserini. Kisha ile inaleta utelezi. Mafuta iko mwisho, kidogo. Watu hawaipendi kwa sababu hainuki na haina picha ya muntu."

Alimdondoshea Mukandori tone moja kwenye mgongo wa mkono. Mukandori alilisugua kwa kidole. Liliteleza kama ute wa bamia, kisha likaingia kwenye ngozi, na ngozi ikabaki imelainika bila kung'aa. Sidonie akapaka kwenye fundo la tatu, lililokuwa nyuma ya sikio la kushoto. Hakulazimisha. Alishika nywele karibu na shina ili mtoto asiumie, akachana ncha kwanza, akapanda kidogo, akapanda tena.

Sauti ya Élysée ilitoka safi, kama angekuwa amesimama pale. Na alikuwa amesimama pale, akila mandazi yake kando ya pikipiki.

"Sipendi kubeba watu wa bâche," sauti ilisema, "wanaleta bahati mbaya kwa pikipiki. Lakini huyu mutoto iko natetemeka. Nitamufunika koti yangu."

Mukandori alimgeukia.

"Njo nilisema," Élysée alisema, akafuta mafuta ya mandazi midomoni. "Yote mbili."

"Aksanti kwa koti," Mukandori alisema.

Alinunua chupa nyeupe. Sidonie aliifunga ndani ya gazeti, akaongeza juu yake chanuo la meno mapana lililokuwa limevunjika jino moja, akasema halina kazi tena pale mezani. Kisha akasema kwa sauti ya chini, mkono ukiwa mdomoni, waondoke sasa, kwa sababu wateja wengine walikuwa wanangoja kule mbali na hawakutaka kusogea.

Alhamisi, Vestine alikuja mlangoni kwao. Alipita katikati ya maharage, kwa sababu njia nyingine haikuwepo tena. Alikuwa ameshika boksi.

"Nimesikia ulienda mupaka Mushaki," alisema. "Kwa umri wako. Na mimi niko na dawa hapa nyumbani. Défrisant. Unapaka, unangoja kidogo, nywele zote zinalala. Mafundo yote inaisha siku moja."

"Na maneno?"

"Maneno gani, mama? Mutoto anahitaji kichwa safi. Anatembea na kichaka. Hata kanisani watu wanahama benchi."

"Wanahama, nimeona."

"Basi umusaidie. Ao unapenda akue hivyo, muntu wa kusikiliza wengine?"

Mukandori alilijua défrisant. Nywele zilizonyooshwa kwa dawa ile hazishiki kitu, na zilizokuwa zimeshika huachia moshi. Alipokea boksi kwa mikono miwili, kama inavyopokelewa zawadi. Lilikuwa limefungwa kwa karatasi safi, na kamba ilikuwa imekatwa vizuri kwa makasi, si kwa meno. Alimshukuru Vestine kwa karatasi. Boksi lenyewe alilitumia kuzuia mlango usigongwe na upepo, na lilifaa.

Vestine aliliona pale siku iliyofuata alipokuja kupalilia chini ya dirisha.

"Zawadi yangu imekuwa jiwe?" alisema.

"Inashika mulango vizuri sana," Mukandori alimjibu.

Vestine alipalilia mstari mzima bila kuinua uso. Alipofika ukutani alisema, "Jumamosi tutaona nani atacheka," akaanza mstari mwingine.

Jumamosi watu walikuja mapema kuliko siku ya misa. Kapita Séraphin alikaa nyuma ya meza, chini ya paa la mabati la baraza. Upande wake alikaa Yves, karani, na daftari kubwa na kalamu mbili. Kanyamibwa alikaa mbele na kofia yake kichwani, Vestine nyuma yake. Wengine walisimama mbali, vitambaa mdomoni, ili wasiache kitu kwenye nywele za mtoto. Carmel aliketi kwenye mkeka katikati ya miguu ya bibi yake. Yves aliona kuwa bibi hana mahali pa kuweka beseni la maji, akasogeza daftari lake, akampa nusu ya meza.

"Tuanze," kapita alisema.

Mukandori alilowesha. Akagawa nywele sehemu nne, akazifunga tatu kwa vipande vya kitambaa. Akapaka dawa nyeupe kwa vidole, taratibu, mpaka kila unywele ukahisi maji. Watu walichoka kungoja, mmoja akasema kwa ukali kwamba hapa si kwa mususi. Mukandori hakuongeza mwendo. Kichwa kilikuwa cha mtoto.

Fundo la kwanza lilikuwa la juujuu, jipya. Lilipofunguka, sauti iliyotoka ilikuwa ya kapita mwenyewe.

"Mbuzi nimemuona, ni munono," sauti ilisema. "Usiogope, Kanyamibwa. Yule mama muzee atachoka."

Ilikuwa ya siku ile ya mawese, walipokuwa wamesimama wawili mlangoni na mtoto amepita kati yao. Watu walimwangalia kapita. Kapita alimwangalia Yves.

"Andika," alisema. "Andika mbuzi."

Yves aliandika mbuzi. Kalamu ya kwanza ikakauka, akachukua ya pili.

Mukandori aliendelea. Alifumua mstari wa tatu, wa nne, wa tano. Zilitoka sauti za Mweso: mtu anaita jina kwenye foleni ya unga, mtu anakataza watoto wasiguse kamba za turubai, mwanamke anasema hawa wa Nyabiondo wamejaa sana hapa, wapeleke kwingine. Zote ziliandikwa. Alifumua wa sita, wa saba, wa nane. Jasho lilimshuka Carmel puani, lakini hakulalamika. Mukandori alishika kila fungu karibu na shina, kama Sidonie alivyofanya, ili chanuo livute mkono wake na lisivute ngozi.

Katika mstari wa tisa, karibu kabisa na ngozi, sauti ya Kanyamibwa ilitoka ikihema, ya mtu aliyekuja mbio.

"Muende, muende. Shamba nitalilinda mimi. Mukirudi mutalikuta, na miyenzi mahali pake. Mungu ananisikia."

Hakuna neno lililokatika. Hata pumzi ya katikati ilisikika. Nje jogoo aliwika, na watu wakamngoja amalize.

"Ni sauti yako, Papa Kanyamibwa?" kapita aliuliza.

"Ni yangu," Kanyamibwa alisema. "Nilisema vile. Niliona hawatarudi."

"Andika," kapita alimwambia Yves. "Andika aliahidi. Andika aliona hawatarudi."

Mukandori alifunga chupa. Alianza kukunja kitambaa. Kapita aliinua mkono.

"Iko moja inabaki. Kule nyuma."

"Hiyo haina kitu cha shamba, papa kapita."

"Unajuaje? Pengine kuna neno la kumusaidia Kanyamibwa. Pengine alisema, kisha akabadilisha. Baraza haisikilizi kichwa nusu. Kama hufungui, yote iliyotoka naifuta."

Carmel alikuwa ameweka kiganja kisogoni. Alimuuliza bibi yake bila kugeuka.

"Koko, ikitoka, inarudi?"

"Hairudi."

"Na shamba? Linarudi?"

"Sijui, mwanangu. Bila hii, halirudi. Hata na hii, sijui."

Mtoto alifikiri. Watu wote walingoja, na Mukandori aliona kuwa mama mmoja kule nyuma alikuwa ameshusha kitambaa mdomoni na kusahau kukipandisha. Carmel aliondoa mkono.

"Fungua. Lakini polepole."

Mukandori alifungua tena chupa. Alimimina zaidi kuliko mistari mingine yote, akaiacha dawa iingie. Hakutumia chanuo. Alitumia vidole, unywele kwa unywele, kwa sababu mstari wa kumi ulikuwa mfupi, haukufika hata katikati, na aliyeuanza aliuacha akiwa na haraka. Fundo lilikuwa dogo kama punje ya mtama. Likalegea, likafunguka.

"Carmel, tulia," Astrid alisema. "Bado mustari moja. Nikimaliza, utakula."

Ilikuwa hiyo tu. Sauti haikuwa na huzuni. Ilikuwa ya mtu mwenye kazi mikononi, anayejua chakula kiko jikoni.

Kanyamibwa alivua kofia. Aliiweka juu ya goti, na Mukandori alimwona, akaliweka jambo hilo moyoni pamoja na godoro. Yves aliandika yote, hata tulia. Vestine alikuwa anaangalia vidole vya miguu yake.

Kapita aliacha kalamu imalize, akakohoa.

"Baraza imesikia," alisema. "Papa Kanyamibwa aliahidi, na mwenyewe hakatai. Mbuzi alikuja, na mimi sikatai. Mama wa mutoto alisema, Mungu amupokee. Lakini maharage iko tayari mu udongo, inatoa maua, na hii baraza haing'oi maharage ya muntu. Shamba libaki vile liko. Mama Mukandori, nywele zako zilisema vizuri, hakuna wa kukulaumu. Tunaendelea na ingine."

Ingine ilikuwa ya nguruwe aliyeingia kwenye kabichi. Wenye nguruwe na wenye kabichi wakasogea mbele, na Mukandori akainua beseni ili Yves apate meza yake nzima.

Njiani walipita katikati ya vijiti. Maua ya maharage yalikuwa meupe na ya zambarau, na nyuki walikuwemo. Vestine aliwatangulia, akafika kwao, akatoka na jembe. Hakusema kitu, kwa sababu kichwa cha mtoto kilikuwa wazi na kilikuwa kinapita karibu.

Saa kumi za jioni jua lilipasua mawingu. Mukandori aliketi kizingitini, Carmel chini yake kwenye kipande cha gunia. Nywele zilikuwa laini, zimesimama, nyingi kuliko Mukandori alivyofikiri, na mkono ulipita ndani yake bila kukwama. Alipokuwa anazigawa, vidole vyake vilikuta fundo jipya juu ya paji la uso. Alilijua kabla ya kulishika vizuri. Lilikuwa na sauti ya kapita ndani yake, na neno maharage, na neno libaki.

Alikuwa na dawa, na chanuo lilikuwa karibu. Hakulifungua. Alipaka dawa kidogo kando yake lisije likavunjika, akalisuka ndani ya mstari wa kwanza, mbele kabisa, mahali ambapo mtu yeyote akitaka siku moja atalikuta bila kutafuta.

Kisha akasuka wa pili. Akasuka wa tatu na wa nne. Chini ya dirisha jembe la Vestine lilikuwa linagonga mawe madogo, ta, ta, ta. Mukandori hakusuka kwa nguvu. Alisuka kwa namna ambayo ngozi haivutwi na mtoto anaweza kulala usiku.

Alipofika mstari wa kumi, Carmel alianza kujitikisa, kwa sababu miguu ilikuwa imekufa ganzi na alikuwa na njaa. Mukandori aliinama mpaka mdomo wake ukakaribia kisogo cha mjukuu wake.

"Carmel, tulia," alisema. "Bado mustari moja. Nikimaliza, utakula."

Alisema kwa sauti yake mwenyewe, ya kizee, yenye mikwaruzo, kwa kuwa nyingine hakuwa nayo. Akaufikisha mstari kutoka sikio mpaka sikio, akafunga ncha, akakaza kifuniko cha chupa. Dawa ilikuwa imebaki nusu. Carmel alinyoosha mkono akaweka kiganja kisogoni, akakiacha hapo kidogo, akakiondoa.

Wakala viazi vitamu. Maharage yalikuwa ya Kanyamibwa, na mwaka ule mvua ilinyesha vizuri, yakazaa sana.